Nimesoma PCB, digrii ya kemia chuoni inakuaje?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Mbeya, nimemaliza form six PCB (fizikia, kemia, baiolojia), kemia ndo ilinibeba, hesabu nimesoma BAM tu, zile za msingi za advance. Nataka kuomba digrii ya kemia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), ila nyumbani hakuna aliyefika chuo nikamuuliza. Mzee anadhani naenda kurudia ya advance miaka mitatu. Masomo yanapangwaje huko, na hesabu hazitanishinda kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza. Mzee usimlaumu, mi mwenyewe wiki za kwanza nilidhani hivohivo, tulianza na muundo wa atomi na boni nikasema si ndo hii ya form five, nikalegea, kuja kustuka wenzangu wako mbali na test ni kesho.

Miaka ni mitatu kweli na kila mwaka una semesta mbili. Ila usiwaze tena "somo la kemia" moja, chuoni linakatwa vipande, kila kipande ni kozi yenye namba yake, mwalimu wake na mtihani wake, na karibu zote zinatoka kwenye matawi manne: oganiki, inoganiki, fizikali na kemia ya uchambuzi. Mwaka wa kwanza unagusa misingi ya yote manne, unachanganyiwa na hesabu, halafu kuna DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano ambazo watu wanazidharau afu zinawaangushia GPA, yaani wastani wa pointi zako. Mwaka wa pili ndo mlima wenyewe, hapo kuna spektroskopi (kutambua kemikali kwa mwanga), kinetiki (spidi za riaksheni), elektrokemia na mekanizimu za oganiki, yaani hatua za riaksheni, ambazo ukikariri bila kuelewa elektroni inatoka wapi inaenda wapi umeumia. Mwaka wa tatu unapata nafasi ya kuchagua baadhi ya kozi, mfano za mazingira au za viwandani, na unafanya project yako mwenyewe. Fildi nayo ipo, ukipata maabara ya serikali au kiwanda chenye maabara inayofanya kazi kweli nenda hata kama ni mbali na nyumbani.

Sasa krediti, hapa wengi wanachelewa kuelewa. Mwaka mzima ni kama krediti 120 na krediti moja inahesabiwa masaa 10 ya kazi yako yote, lekcha, maabara na kupiga msuli mwenyewe usiku. Kwahiyo kozi ya krediti 12 inakudai masaa 120. Na GPA inafuata uzito huohuo, yaani ukipata A (pointi 5) kwenye kozi ya krediti 8 na C (pointi 2) kwenye ya krediti 12, unapiga 40 jumlisha 24 unagawanya kwa 20, inakuja 3.2, ile A haijakuokoa. First class inaanzia 4.4 na inahesabiwa toka mwaka wa kwanza, ndo maana nakusihi usiuchezee. UE, mtihani wa mwisho wa semesta, ina maksi 60, coursework 40, ukifeli kuna sapu (mtihani wa kurudia), na matokeo yakiwa mabaya sana ni disko, yaani unaondolewa chuo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni maabara. Umezoea praktiko ya advance, unapiga titresheni, unatambua chumvi, umemaliza. Chuoni mchana mzima unakuwa umesimama na koti, afu usiku unaandika ripoti, na kila wiki kuna nyingine. Chukua mfano wa kutengeneza aspirini, ukianza na gramu 2 za asidi ya salisiliki kwa hesabu unatakiwa upate gramu 2.6, ukipata 1.8 ni asilimia 69, na lazima useme iliyobaki imepotelea wapi, kwenye karatasi ya kuchujia au imebaki kwenye maji ya kuoshea? Kisha unapima inayeyuka nyuzi ngapi, safi ni kama 135, yako ikianza kuyeyuka kwenye 120 ujue ina uchafu na uandike hivo. Usikope namba za mwenzio, kudesa ripoti kunaonekana haraka sana na we ndo unakosa ule ujuzi utakaoombea kazi kwa Mkemia Mkuu, TBS (shirika la viwango) au mamlaka ya maji.

Hesabu sasa. Sikudanganyi, waliotoka PCM (fizikia, kemia na hesabu kamili) wanaanza mbele yako, fizikali ni kalkulasi tupu, mfano spidi ya riaksheni unaiandika kama difirensheni halafu unaiintigreti ndo unapata ile log yenye muda ndani yake. Lakini difirensheni na intigresheni ulizisoma kwenye BAM, ni vile wengi tulizisoma za kupitia mtihani tu. Kuna mtu wa PCB niliyesoma naye alikuwa anarudia maswali ya BAM kila jumamosi semesta nzima ya kwanza, tulipofika thermodainamiki akawa ndo anatufundisha sisi.

Kabla hujaomba hakikisha unachagua kemia yenyewe, maana kuna ya ualimu na kuna uhandisi wa kemikali ambao ni miaka minne na unataka hesabu kamili. Na daftari lako la BAM kama umemgawia mdogo wako, lifuate leo.