Nililikata paa la asbesto kwa grainda, wewe usithubutu

Juzi usiku, nimeshavua miwani nataka kulala, ukaingia ujumbe wa dada mmoja anayenisoma tangu nilipoanza kuandika habari za ujenzi. Amepanga nyumba ya zamani ya shamba la mkonge upande wa Korogwe, zile zenye baraza pana na madirisha ya wavu, na mwenye nyumba amemruhusu abadilishe dari. Kapanda juu, kakuta kati ya dari na bati kuna sponji ya njano iliyokauka mpaka ukiigusa inasagika kama biskuti. Akaniandikia: "Dada, hii ndiyo asbesto? Jirani ananiambia itaniua."

Akatuma picha nne. Tatu za sponji. Ya nne nadhani kidole kilibonyeza chenyewe, maana inaonyesha kona ya stoo, na kwenye kona hiyo kuna bomba la maji ya moto linalotoka kwenye boila ya zamani, limeviringishwa kitu cheupe kama mguu uliofungwa hogo. Hogo lenyewe limepasuka, vitambaa vinaning'inia, na chini sakafuni kuna unga.

Sponji haikuninyima usingizi. Bomba ndilo lililoninyima.

Nitamjibu hapa hapa, kaniruhusu. Ila kwanza nikiri jambo ambalo miaka yote hii nimekuwa nikilizungukazunguka.

Nyumba ya marehemu baba ipo Tanga. Aliiezeka mwaka 1971 kwa bati za asbesto, zile nene za kijivu zenye mawimbi makubwa, na alizionea fahari mpaka anaingia kaburini. Alikuwa na haki. Pwani bati la chuma linaliwa na chumvi, lile haliliwi. Mvua ikinyesha mnasikilizana. Saa nane mchana ukiingia ndani unapoa. Ndiyo maana serikali, mashirika na wenye mashamba walizieneza kwenye shule, zahanati na kota za wafanyakazi nchi nzima. Sisi watoto tulizipenda kwa sababu nyingine: kipande kilichovunjika ukikitupa motoni kinalipuka, paa! Tulikuwa tunaviiba nyuma ya choo na kushindana nani chake kitapiga kwa nguvu zaidi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu nanyamaza.

Mwaka 2017 nikawa nimepata hela yangu ya kwanza ya maana. Binti wa mwisho, ambaye kaka zangu walizoea kunituma soda, nikatangaza kwenye kikao cha familia kwamba paa la mama nalibadilisha mimi, peke yangu, bati za msauzi za bluu, kenchi mpya, papi mpya. Mnaojenga mnaijua raha ile. Sikutaka ushauri wa mtu.

Fundi niliyempata alikuwa wa bei nafuu na mwenye maneno mengi. Akaja na vibarua wanne, nyundo, mitaimbo na grainda moja. Misumari ilikuwa imeshika kutu, kwa hiyo badala ya kuihangaikia, waliyakata mabati pale pale juu, wakaangusha vipande chini. Vumbi lilikuwa jeupe kama unga wa sembe. Fundi alijifunga fulana puani, vibarua hata hiyo hawakujifunga. Mimi nilisimama uwanjani napiga picha. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa anaokota vipande na kuvipanga kama nyumba. Na mama yangu, ambaye hawezi kuona uchafu akakaa, alichukua chelewa akaanza kufagia. Alifagia siku tatu. Jioni alikung'uta khanga yake mlangoni, akaingia ndani kulala.

Zile bati zilizoshuka nzima, 18, fundi alinishauri niziuze. Nikamuuzia mzee mmoja wa mtaani aezeke banda la kuku. Kifusi tukakimwaga kwenye mashimo ya barabara yetu, majirani wakanishukuru. Nikajiona raia mwema.

Picha nikazirusha kwenye kundi la ukoo. Saa sita usiku akanipigia mtoto wa shangazi yangu aliyeko Uingereza, kazi yake ni kubomoa majengo. Hakunisalimia. "Mmevaa nini?" Nikadhani ananitania. "Nauliza, mlipokuwa mnakata, mlivaa nini?"

Akanieleza mpaka saa nane. Kule, bati kama zile za banda la gari tu hazikatwi. Zinalowanishwa, zinafunguliwa msumari mmoja mmoja, zinateremshwa nzima, zinafungwa nailoni nzito mara mbili. Na kama ni ile ya kuzungushia mabomba, anayeigusa lazima awe na leseni, avae ovaroli ya kutupa, na aoge kabla hajaenda kwa wanawe. Uingereza walipiga marufuku asbesto ya bluu na ya kahawia mwaka 1985 na nyeupe mwaka 1999, Kenya mwaka 2006, Afrika Kusini, waliokuwa wanaichimba wenyewe, mwaka 2008. Kupiga marufuku hakung'oi kilichokwisha kuezekwa, kwa hiyo hata wao bado wanahangaika nayo.

Kitu chenyewe ni jiwe. Jiwe linalochambuka nyuzi kama katani, haliungui, ndiyo maana walilipenda wajenzi. Kwenye bati la saruji huwa ni kama asilimia 10 hadi 15 tu, zimebanwa na saruji, na bati likiwa zima limetulia mahali pake halikufanyi kitu kikubwa. Ukilikata, ukilitoboa, ukilisugua kwa brashi au ukilipiga kwa pampu ya maji yenye nguvu, nyuzi zinatoka. Ni nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana, huzioni, hazinuki, hazikukohozi siku hiyo. Zinaingia mapafuni zinakaa. Miaka 20, 30, hata 40 inapita, ndipo mapafu yanapokuwa magumu kwa makovu, au inakuja saratani ya mapafu, au ile ya utando wa mapafu iitwayo mesotelioma. Anayevuta sigara hatari yake ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 33 wa saratani hiyo ya utando huko Afrika Kusini, karibu wote wakihusishwa na asbesto ya bluu ya eneo la Cape. Hawakuwa wachimbaji wote. Wapo waliokuwa wameishi tu jirani na migodi, utotoni.

Niliposikia neno "utotoni" niliketi chini. Mwanangu sasa nampigia hesabu. Alikuwa na 6. Ongeza 30.

Asubuhi nikasimamisha kazi. Nilichokifanya kilikuwa kidogo na kilichelewa: tukamwagia maji kila kitu, tukaokota kwa mkono vikiwa vimelowa, tukafunga kwenye nailoni, sakafu tukadeki badala ya kufagia, chelewa zikaenda humo humo kwenye nailoni. Kifusi cha barabarani tulikichimba usiku nikiona aibu. Fundi alisema nimechanganyikiwa, akachukua hela yake iliyobaki, simu yake haijapatikana tena. Kaka yangu mkubwa akaniambia mbele ya wageni, "Umeanza uzungu. Baba si kalala chini ya bati hilo miaka yote, kafa mzee?" Kaka, baba alilala chini yake. Hakulikata. Sikulisema siku ile, nalisema leo.

Yule mzee wa kuku nilimfuata mara tatu nimrudishie hela. Mara ya tatu alinicheka, akaniuliza kama nataka kumnyang'anya kwa kuwa bei imepanda. Zile bati zipo hadi leo. Zimekaa nzima, nikipita naziangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa wa watu aliyelala.

Mzigo wa nailoni ulikaa nyuma ya nyumba miezi mitano. Ofisi moja ilinituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Mwisho ilikuja kampuni yenye kibali cha taka hatarishi, na bei yake ilikaribia nusu ya bei ya bati zangu mpya. Kwa hiyo ndugu yangu unayeandaa makadirio ya kuezua nyumba ya zamani, weka hela ya kuondoa kabla hujaweka hela ya kuezeka. Huna hiyo hela? Basi subiri, liache bati mahali lilipo. Najua unataka nyumba ipendeze kabla ya sherehe, hata mimi nilitaka. Subiri.

Na usikate. Narudia, usikate. Kama ni lazima lishuke, lowanisha, fungua misumari, teremsha zima. Usifagie makavu. Fagio la umeme la kawaida usilisogeze, linavuta nyuzi upande mmoja na kuzitema upande wa pili. Barakoa ya kitambaa ni mapambo. Vaa zenye chujio la FFP3 au P100, ndizo alama za barakoa zinazozuia vumbi laini kabisa, zikae sawasawa usoni. Nguo za kazi zisiingie ndani, wapo wanawake waliougua kwa kufua tu ovaroli za waume zao. Watoto wapeleke kwa bibi yao. Na mtu asitembee juu ya bati hizo, zimezeeka, zinavunjika ghafla, mafundi wamekufa kwa kuanguka kabla hata ya kufikia habari ya mapafu. Kwa macho huwezi kujua kama ni asbesto mpaka kipande kiangaliwe maabara kwa hadubini, kwa hiyo nyumba ikiwa ya zamani chukulia ndiyo. NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wenye habari za vibali vya taka hatarishi, uliza huko kabla ya kumuuliza fundi.

Wengi mnaniuliza kuhusu maji ya mvua yanayotoka kwenye paa hilo. Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi thabiti kwamba kunywa nyuzi za asbesto kunadhuru, shida ni kuzivuta. Kinachonitia hofu ni tope la kwenye mifereji likishakauka. Liondoe likiwa bichi.

Sasa dada yangu wa Korogwe. Sponji ya njano ni ndugu ya godoro, imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, asbesto si kiungo chake. Ubaya wake ni moto, moshi wake una sumu. Lakini tazama juu yake: kama bati ni la kijivu la saruji, miaka yote hiyo limekuwa likiidondoshea vumbi, na vumbi hilo limelala kwenye sponji. Usiikung'ute. Ingekuwa laini ya kijivu, kama pamba iliyopulizwa kwenye vyuma vya ghala, ningekuambia utoke mbio. Marekani walikataza kupuliza asbesto ya namna hiyo kwenye majengo tangu 1973.

Lile bomba, hogo lake huenda ndiyo asbesto yenyewe. Usilifunge gundi, usilivue, usifagie ule unga. Toa vitu vyako kama vipo mlangoni, vilivyo ndani viache. Funga stoo, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kibichi, mwambie mwenye nyumba kwa maandishi. Nahitaji picha nyingine ya ile kona, ipige ukiwa umesimama nje, dirishani.