Maswali ya Wasomaji: Turubai la Kukaa Nje Mwaka Hadi Mwaka

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu maturubai: yanayochanika mapema, yanayong'olewa na upepo, na yanayoozesha vitu badala ya kuvilinda. Tumechagua saba.

Ndugu Mhariri, nilifunika mbao zangu kwa turubai jepesi la plastiki, la bluu. Baada ya miezi michache lilianza kutoa unga mkononi, sasa linachanika ukiligusa kwa kidole. Mvua haikuwa kubwa hata kidogo. Limeharibiwa na nini, na ninunue lipi litakalodumu?

Mvua haina kosa. Lililomaliza turubai lako ni jua. Maturubai ya aina hiyo ni ya polithini: nyuzi bapa zilizofumwa kama mkeka, kisha zikapakwa utando mwembamba wa plastiki juu na chini. Miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiana na oksijeni hukatakata molekuli ndefu za plastiki. Utando wa juu unakauka, unapasuka nyufa ndogo zisizoonekana, kisha unapukutika. Huo unga ulioushika ndio utando wenyewe. Ukishatoka, nyuzi zinabaki wazi na hazichukui muda kukatika. Kagua lilipoanza kuoza. Kwa kawaida ni kwenye mikunjo na pale lilipopita juu ya kona ya ubao, maana hapo utando ulikuwa umevutwa na kusuguliwa tayari.

Kiwanda makini huchanganya dawa ya kukinga jua ndani ya plastiki kabla ya kuifuma. Dawa hiyo hutumika kidogo kidogo, na ikiisha turubai huzeeka kwa kasi. Kinga iliyo imara kuliko zote ni kaboni nyeusi, yaani unga mweusi kama masizi. Ndiyo sababu maturubai ya misaada yanayogawiwa na UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) na Msalaba Mwekundu yana nyuzi nyeusi katikati hata kama nje ni meupe. Uzito wake ni kiasi cha gramu 200 kwa kila mita ya mraba, na hicho ni kipimo kizuri cha kulinganishia unaponunua polithini.

Uzito huo wa gramu kwa mita ya mraba ndio wa kuuliza kwanza. Kati ya gramu 60 na 100 ni turubai la wiki chache, labda kufunika mchanga wakati wa ujenzi. La gramu 150 hivi linamaliza msimu. Kuanzia 200 hadi 280, likiwa na kinga ya jua, tarajia mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea ukali wa jua la kwenu. Ukitaka zaidi ya hapo, iache polithini. Tafuta kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, yaani lile turubai zito la malori, la gramu 550 hadi 700 au zaidi. Hilo huhesabiwa kwa miaka mitano na kuendelea. Kwa kazi ya zaidi ya miaka miwili, sisi tungenunua PVC mara moja kuliko polithini mara tatu. Ila jiandae kwa uzito: la mita 4 kwa 6 lenye gramu 650 ni karibu kilo 16, halipandishwi na mtu mmoja, wala halibebwi na fito nyembamba.

Kila muuzaji ananiambia la kwake ni "zito, la kazi ngumu". Nitajuaje nikiwa palepale dukani?

Omba mizani. Geuza uzito uwe gramu, ugawe kwa eneo. Turubai la mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24; likiwa na kilo 4.8 ni gramu 200, likiwa na kilo 2.6 ni kama gramu 108, hata lebo iseme nini. Pindo na pete (zile za chuma za kupitishia kamba ukingoni) huongeza kidogo, kwa hiyo uzito halisi wa kitambaa uko chini ya hesabu yako, hauko juu.

Kisha lipime kwa futi. Vipimo vingi vya kwenye lebo ni vya kabla ya kukunja pindo, hivyo kila upande unaweza kupungua sentimita 10 hadi 15. Kama una fremu ya mita 4 kamili, upungufu huo ni balaa.

Linyanyue kuelekea mwanga wa jua. Vitundu vidogo vinavyong'aa ni mahali ambapo maji yatapita. Kwaruza kona kwa ukucha: utando ukibanduka kama ngozi, haukushikana na nyuzi na utaondoka wote mapema. Hesabu nyuzi katika inchi moja. 8 kwa 8 ni chache, 14 kwa 14 ni nzuri. Msifikirie unene peke yake. Turubai linaweza kuwa nene kwa sababu ya utando mwingi juu ya mfumo hafifu, na kinachozuia kuchanika ni nyuzi.

Halafu nenda pembezoni, maana huko ndiko maturubai hufia. Pindo liwe la tabaka mbili na kamba ndani yake. Pete ziwe kila sentimita 50 ukiwa sehemu ya upepo. Kila mita 1 inatosha kwa turubai la kulaza chini. Chukua sumaku ndogo. Ikinata, pete ni za chuma kilichopakwa tu na kutu yake italila turubai. Shaba nyeupe na alumini hazinati. Pembe nne ziwe na kipande cha ziada cha kuziimarisha. Pete iliyopigwa kwenye tabaka moja tu la plastiki haifai, hata turubai lenyewe likiwa zuri namna gani.

Nimefunika mashine ya chuma kwa turubai la PVC hadi chini, nikalibana kwa mawe pande zote. Hakuna tone la mvua linaloingia, lakini mashine inashika kutu. Je, ningetumia la kitambaa cha pamba?

Maji hayo yanatoka ardhini. Mchana mvuke hupanda kutoka kwenye udongo na kujaa chini ya turubai. Usiku turubai hupoa, mvuke unagandamana kuwa matone, yanadondokea mashine. Kadiri ulivyoliziba vizuri ndivyo ulivyoufungia mvuke ndani.

Kabla ya kununua jingine, tandika karatasi ya plastiki chini ya mashine au uiinue juu ya matofali. Weka fito au fremu ili turubai liwe mbali na chuma kwa sentimita 10 au zaidi. Ncha mbili zinazotazamana ziache wazi, turubai liishie sentimita 20 hivi juu ya ardhi ili hewa ipite. Kwa wenye kuni ni hivyohivyo: funika juu tu, literemke kidogo pembeni, ubavu uachwe upigwe na upepo. Kuni zilizovikwa hadi chini huota kuvu.

Turubai la pamba, yaani kanvasi, lina faida hiyo unayoitafuta: mvuke hupita. Likilowa, nyuzi za pamba huvimba na kuziba matundu, hivyo mvua haipenyi. Lakini lina masharti yake. Likiwa jipya, lilowanishe na kulikausha mara mbili tatu kabla ya kulitegemea, kwa sababu matundu ya sindano kwenye mishono huvuja mpaka uzi uvimbe. Husinyaa pia, kwa hiyo usilikate kwa kipimo cha kubana. Usilioshe kwa sabuni ya unga, inaondoa nta na dawa ya kuzuia maji. Brashi kavu na maji matupu vinatosha. Na usilikunje likiwa bichi, hata kwa siku chache, litaota madoadoa ya kuvu na kuoza. Maji yakianza kuzama badala ya kutiririka, ni wakati wa kulipaka nta upya. Mtu asiye tayari kwa kazi hiyo anunue PVC na kuacha nafasi ya hewa.

Upepo unaniondolea pete moja baada ya nyingine. Turubai ni zuri, la mita 4 kwa 5, nimelifunga pembe nne kwa kamba za plastiki. Nifanyeje?

Tufanye hesabu. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao si dhoruba, hukandamiza kwa nguvu ya takriban kilo 14 kwa kila mita ya mraba. Turubai lako lina mita 20 za mraba. Likiupokea upepo wote ni kama kilo 280. Umezigawa kwa pete nne: kilo 70 kila moja. Ungefunga pete 18, ni kilo 15 au 16 kila moja. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ndiyo maana turubai linaweza kustahimili mwezi mzima likaondoka kwa usiku mmoja.

Tena hesabu hiyo ni ya turubai lililokazwa. Likiwa limelegea hupepea, na kila likirudi linaikata pete kwa kishindo kikubwa kuliko uzito wa upepo wenyewe. Kupepea huvunja pia utando na kusugua kila kilicho chini; rangi ya gari iliyofunikwa kwa plastiki inayopigapiga huisha.

Kwa hiyo tumia pete zote, si za pembe nne tu. Ukiweza, acha kufunga kwenye pete upande unaopokea upepo: viringisha ukingo mara mbili kwenye ubao mwembamba, ufunike kwa ubao wa pili, upige misumari au skrubu kila sentimita 30. Nguvu inasambaa kwenye ukingo mzima. Njia hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo isiyotumiwa na watu wengi.

Lipe mteremko wa sentimita 27 au zaidi kwa kila mita, bila bonde katikati. Dimbwi la upana wa mita 1 na kina cha sentimita 10 ni lita 40 hivi, yaani kilo 40 zinazoning'inia sehemu moja. Plastiki huvutika pale, dimbwi linakua, na mvua inayofuata inalipasua. Kama ni pana, weka boriti au kamba iliyokazwa katikati, na kila kona ya mbao uivike kipande cha bomba la mpira lililopasuliwa kwa urefu.

Kamba nazo zibadilishe. Zile za plastiki za polipropilini huliwa na jua sawasawa na turubai. Nailoni hurefuka ikilowa, basi turubai linalegea wakati wa mvua, yaani wakati mbaya kabisa. Katani hufupika ikilowa na kuvuta pete, kisha huoza. Chukua poliesta ya milimita 6 hadi 8. Kati ya kamba na pete unaweza kuweka kipande cha mpira kinachovutika: upepo mkali ukija, kikatike mpira, si pete.

Pale pete iliposhatoka, usitoboe shimo jipya. Weka kokoto laini la mviringo upande wa chini, sentimita 10 kutoka ukingoni, lizungushie turubai na ufunge kamba shingoni mwake. Hushika kuliko pete.

Nimeambiwa nipasue vitundu ili upepo upite. Ni kweli?

Hapana. Kila mpasuko ni mwanzo wa mchaniko, na mvua itaingia. Kama unataka kivuli tu, tumia neti ya kivuli, ambayo imefumwa kupitisha upepo.

Rangi ipi inadumu zaidi?

Rangi haina kanuni ya ubora inayofuatwa na viwanda vyote. Bluu ya mmoja ni gramu 80, ya mwingine 200. Nyeusi hukinga jua vizuri lakini hutunza joto. Nyeupe au fedha hupunguza joto chini yake. Lililo fedha juu na jeusi chini linafaa kwa kazi nyingi, mradi uzito uwepo.

Turubai langu lina tundu la ukubwa wa kiganja. Nilibandika kiraka kwa gundi kali, kikabanduka baada ya mvua ya kwanza. Kosa ni nini?

Huenda turubai lako ni polithini. Gundi za kawaida hazishiki juu yake, hata ziwe kali vipi. Tumia mkanda maalumu wa kutengenezea maturubai ya polithini. Safisha kwa spiriti, kausha kabisa, bandika juu na chini ili mikanda miwili ikutane ndani ya tundu, na kila upande uzidi tundu kwa sentimita 5. Kata pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwa kuwa pembe kali huanza kubanduka. Usilishone: mstari wa matundu ya sindano kwenye polithini huchanika wenyewe.

PVC ni rahisi zaidi: kipande cha turubai la aina ileile, gundi ya PVC laini pande zote mbili, subiri inate kidogo, bandika, kandamiza kwa uzito hadi kesho yake. Wenye mashine ya hewa moto huyayusha na kuyaunganisha bila gundi. Kanvasi lishonwe kiraka kwa uzi wa poliesta, kisha mshono upakwe nta.

Kabla ya yote, sugua turubai kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga, hakuna kiraka kitakachoshika, kwa sababu kitanata kwenye utando unaopukutika. Turubai hilo lipeleke chini ya lundo la mbao, litandikwe huko pasipo jua.