Panya wakikushinda, anza na ghala kabla ya duka la sumu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kilosa ameniandikia hivi: "Dada, panya wamenishinda. Mahindi wanakula, sabuni wanakula, juzi wametoboa dumu la mafuta ya kula. Pakiti moja nimeshanunua sokoni. Naomba unitajie sumu kali kuliko zote." Nilimjibu kwa ufupi ili atulie kwanza, lakini jambo lenyewe halimalizwi kwa ujumbe wa simu. Najua pia mko wengi wenye swali hilo hilo, hasa kipindi hiki mahindi ya masika yanapoanza kukaukia shambani. Kwa hiyo mdogo wangu wa Kilosa, jibu lako lote hili hapa, na wengine mchukue kitakachowafaa.

Jina la sumu silitaji. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mkulima wa Mlali, Mvomero. Nina nyumba ya tofali za kuchoma, jiko la nje, banda la kuku, na bustani ya nyanya na mboga nyuma ya nyumba. Panya, dumuzi wa mahindi, mchwa, kantangaze wa nyanya, viroboto wa kuku, wote wamebisha hodi kwangu na wengine wameingia bila hodi. Leo ukija nikakufungulia gunia la mahindi ya mwaka jana, ukamimina kwenye ungo na kupeta, hupati vumbi la kujaza kijiko. Nalisema kwa kujivuna, kwa sababu nimelilipia kwa pesa na kwa maneno ya watu.

Maneno yenyewe ni haya. Mwaka ule nyanya ziliponilipa vizuri, nilinunua mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, ile yenye nailoni mbili ndani na gunia la kawaida nje. Nikamwita fundi akainua ghala juu ya nguzo na kuvisha kila nguzo kofia ya bati. Shemeji yangu mmoja akasema mbele ya wageni kwamba mwanamke akishika hela anajengea mahindi hoteli. Watu walicheka sana. Jina likashika, watoto wa jirani wakawa wanaliita ghala langu "hoteli" hadi kisimani. Februari iliyofuata, mahindi yalipopanda bei na debe likawa la kutafuta kwa tochi, shemeji huyo huyo alikuja uani na ndoo mkononi. Nilimpimia ikajaa. Sikumkumbusha kitu siku ile, lakini leo naandika ili ajue kwamba nilisikia.

Ila kilichonifanya niwe mkali namna hii si shemeji. Ni mama yangu. Mama analima Gairo, na amehifadhi mahindi tangu mimi sijazaliwa. Mwaka mmoja alinunua dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka kwenye duka la pembejeo alilolizoea. Akachanganya kama inavyotakiwa, gramu 100 kwa gunia la kilo 100, akashona magunia yake akapanga. Tulipokuja kufungua, mkono ulizama kwenye unga. Punje zilikuwa zimebaki maganda. Nikachukua pakiti iliyobaki, nikaimwaga kwenye sahani nyeupe ili niione vizuri, nikaweka dumuzi watatu juu yake. Walitembea. Walipita katikati ya ile dawa, wakapanda ukingo wa sahani, wakaendelea na safari zao. Ilikuwa dawa feki. Na ndugu wakamgeukia mama: hakukausha, hakuchanganya sawasawa, uzee umemwingia. Hakuna aliyerudi dukani kuuliza. Lawama ile alibeba yeye, na mpaka leo ikitajwa kwenye vikao vya ukoo namwona anavyoinamisha uso.

Kwa hiyo mtu akiniomba jina la sumu, mimi namwona mama. Sumu inaweza kuwa feki, inaweza kuwa imeisha muda, inaweza kuwa imepimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa bila lebo. Mahindi makavu hayawezi kuwa feki. Tundu lililozibwa kwa saruji haliishi muda.

Dumuzi si mdudu wa kwetu wa asili. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kujulikana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kisha akasambaa Afrika Mashariki yote. Anakula mahindi na makopa, na hata mbao anatoboa. Anapenda mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu punje zikiwa zimeshikana anapata pa kuegemea anapotoboa. Ndiyo maana wanaotundika mahindi darini na maganda yake kwa miezi, kama walivyofanya babu zetu kabla dumuzi hajaja, wanamwandalia karamu. Vuna yakikomaa, usiyaache shambani yakasubiri msimu wa harusi uishe. Anika juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Pukuchua, peta, toa chenga na punje zilizotobolewa.

Unajuaje yamekauka? Usiume kwa jino ukaridhika. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha robo, ongeza chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, funga, tikisa, kisha iache itulie kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka vya kutosha na unaweza kuhifadhi. Kipimo hiki hakina gharama, na nimewafundisha akina mama wa kikundi chetu wote. Wanaokifuata wanaonekana. Wasiokifuata wanaonekana pia.

Mfuko wa PICS hauhitaji dawa yoyote. Unajaza nailoni ya ndani, unakamua hewa, unasokota shingo, unaikunja na kuifunga kwa kamba kwa nguvu, kisha nailoni ya pili vivyo hivyo, halafu gunia la nje. Wadudu waliobaki ndani wanapumua ile hewa kidogo mpaka oksijeni inaisha, wanaacha kula, wanakufa. Teknolojia hii ilianzia kwenye kunde huko Kameruni, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani miaka ya 1980, na baadaye ikaonekana inafaa mahindi pia. Ukishafunga usifungue fungue kila wiki kuchungulia. Weka mfuko mmoja wa kawaida kwa ajili ya kula, mingine iache. Mfuko ni ghali kuliko gunia la kawaida, ndiyo, lakini usipotoboka unautumia tena msimu unaofuata.

Usipotoboka. Na anayetoboa ni panya, kwa hiyo tunarudi kwako Kilosa.

Panya anafuata chakula, maji na mahali pa kuzalia. Sumu inaua waliopo. Chakula kikibaki sakafuni, wengine wanahamia nafasi iliyoachwa. Huku Morogoro panya shamba akipata mvua nzuri na majani ya kutosha, jike mmoja anaweza kuzaa zaidi ya 10 kwa mkupuo. Hebu fikiria hapo unashindana na nani kwa pakiti moja ya sumu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro kina wataalamu wanaoshughulika na panya miaka nenda rudi, na wao pia hawakuanzii kwenye sumu. Wanakwambia usafi, kufyeka, kuziba, kutega, na kufanya hivyo pamoja na majirani, kwa sababu panya hajui mpaka wa uwanja wako.

Nguzo za ghala ziwe ndefu angalau kufika kiunoni, na kofia ya bati iwe juu karibu na sakafu ya ghala, pana, isiyo na kutu yenye mapengo. Halafu usiegemeze jembe wala ngazi kwenye ghala usiku. Nimewaona watu wametumia laki kujenga, kisha mchi umeegemezwa pembeni, panya anapanda mchi. Matawi ya mti yasiguse paa. Ndani ya nyumba, tundu lolote linaloingiza hata kalamu lizibe kwa saruji au kwa wavu wa chuma. Tambara halimzuii panya, anafanya kiota.

Mtego weka ukutani, sehemu ya chambo ielekee ukuta, maana panya anatembea akijisugua na ukuta. Utaona michirizi myeusi ya mafuta ya mwili wake ukimulika tochi chini. Chambo kizuri ni dagaa au karanga za kusaga. Siku za kwanza weka mtego na chambo bila kuutega, wale tu. Panya wa nyumbani anaogopa kitu kipya. Akishazoea, ndipo unautega, tena mingi kwa usiku mmoja.

Kuhusu sumu: nyingi za siku hizi zinazuia damu kuganda. Panya hafi palepale, anazurura siku kadhaa akiwa amelegea, na paka anamdaka bila shida. Paka wangu wa madoa, aliyenilindia ghala kuliko mtego wowote, alikufa hivyo kwa panya wa uwanja wa jirani. Alikuja kulala mlangoni akitokwa damu puani. Bundi naye anakufa hivyo hivyo, na watu wanafurahia kwa sababu ya imani zao kuhusu bundi, huku wanapoteza mwindaji wa bure anayekula panya usiku kucha. Muacheni bundi, ndugu zangu.

Mzoga usiushike kwa mkono mtupu. Na mavi ya panya usiyafagie makavu, nyunyizia maji ya sabuni au jiki kwanza. Julai 2022 kule Lindi ulizuka ugonjwa wa mgunda, watu 3 walifariki, na mkojo wa panya ni mmoja wa njia unazosambaa. Lushoto nao waliteswa na tauni tangu 1980, ugonjwa unaobebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto anamhama kutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya mwanao aliyelala chini.

Sasa hili nalisema kwa herufi za moyo wangu wote. Vile vidonge vya gesi vinavyowekwa kwenye magunia ya mahindi, visiingie kwenye nyumba mnayolala. Kamwe. Gesi yake inapita kwenye mlango, inapita darini, na kuna familia zilizolala na magunia chumbani zikakutwa asubuhi zimekufa. Ni kazi ya mtaalamu, kwenye ghala lililo mbali na watu. Mtu akikuuzia kimoja kimoja kwenye karatasi ya daftari, mwache na biashara yake. Na dawa yoyote utakayonunua iwe na lebo ya kiwanda, namba ya usajili, tarehe, na pakiti isiyofunguliwa. Anayesajili viuatilifu nchini ni TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ukiona mashaka waulize, au muulize afisa ugani wa kata, na omba risiti. Mama yangu hakuwa na risiti.

Bustanini nitapita haraka kwa sababu kanuni ni ile ile. Kantangaze aliingia nchini mwaka 2014, na waliomkimbilia kwa madawa matatu yaliyochanganywa kwenye pampu moja wamemzoesha madawa tu. Ng'oa majani yenye michoro myeupe mapema, yafukie au yatie kwenye mfuko mweusi juani, na usirudishe nyanya, bilinganya wala viazi mviringo palepale msimu unaofuata. Kiwavijeshi vamizi anataka ukague mahindi asubuhi yakiwa bado machanga. Ukimgundua mdogo, mchanga au majivu ndani ya moyo wa mche yanamtosha. Akishakuwa mkubwa amejificha ndani na dawa haimfikii. Kwa vidukari na viwavi wadogo natumia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita ya maji, zikilala usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, naongeza sabuni kidogo, napuliza jioni. Jua linaiharibu, kwa hiyo usipulize saa sita mchana halafu ukaja kuniambia mwarobaini haufanyi kazi. Mmea wa utupa nao unafaa, ila usiuoshee mtoni, unaua samaki.

Mdogo wangu wa Kilosa, mahindi yako bado yako shambani, kwa hiyo muda unao. Ile pakiti uliyosema tayari umenunua sokoni, iondoe jikoni leo, ifungie mahali mtoto hafiki, na mpigie afisa ugani akuelekeze pa kuipeleka. Usiitupe chooni wala kwenye shimo la taka ambako kuku wanachakura. Kisha fagia ghala, toa magunia ya mwaka jana yote nje, yachemshe au yachome yaliyooza, ziba matundu, na nitumie picha ya nguzo zako kabla hujamwita fundi. Nikiona bati limewekwa chini sana nitakwambia.