Kolestro imepanda, ni vitamini C kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama lishe hapa mwaloni Kirumba, nilipima nikaambiwa kolestro iko juu nikaanzishiwa dawa. Sasa kuna kaka anapita na virutubisho ananiambia eti shida yangu ni upungufu wa vitamini C, ndo maana protini zinazobeba kolestro zimezidi, niache dawa ninunue vidonge vyake. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mama. Huyo kaka hajatunga, ila kakupa nusu ya stori, ile inayouza.

Kolestro ni mafuta, kwenye damu haiendi yenyewe, inapakiwa kwenye lipoprotini kama dagaa kwenye mtumbwi. Ile inayoitwa LDL ikifika kwenye ini inapokelewa, na kolestro nyingine inageuzwa kuwa nyongo, na kimeng'enya (protini inayochochea kazi mwilini) kinachoanzisha hiyo kazi kinategemea vitamini C. Simbilisi nao hawawezi kujitengenezea vitamini C kama sisi tu, na wakinyimwa kwa muda kolestro yao inapanda kweli.

Halafu kuna lipoprotini (a), mtumbwi mwingine unaofanana na LDL, nadhani ndo anayoisema. Mwaka 1990 wanasayansi Linus Pauling na Matthias Rath walisema vitamini C ikipungua mishipa inalegea, sababu kolajeni, protini inayoishikilia, haiwi imara, basi mwili unaitumia hiyo lipoprotini kuziba nyufa. Wazo tamu hilo, mi mwenyewe nalipenda, tatizo ni kwamba kiwango cha lipoprotini (a) kwa sehemu kubwa unarithi kwa wazazi. Na Marekani madaktari wanaume zaidi ya 14,000 walifuatiliwa kama miaka 8, baadhi wakipewa miligramu 500 za vitamini C kila siku na wengine vidonge visivyo na kitu, majibu yakatoka 2008: mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua.

Kwa hiyo dawa usiache. Mwanamke anahitaji kama miligramu 75 tu kwa siku, pera moja la sokoni linamaliza, na wewe kachumbari unakata kila siku, kamulia ndimu ule na wewe sio wateja tu! Ule mchicha unaochemshwa mpaka unakuwa mweusi halafu maji yanamwagwa, vitamini C nyingi imeenda na maji.

Ukirudi kliniki ulizia kipimo cha lipoprotini (a), hasa kama kwenu kuna aliyepata ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana. Kwa kawaida kinapimwa mara moja tu maishani.