Bahari si waya

SWALI: Nyumba yetu ya wageni, mkoani Tanga, ina gati la nguzo za chuma, mita 180 hivi. Tajiri ameona picha za vile vitreni vya umeme vya magati ya Uingereza, anataka kimoja cha kubebea wageni na mizigo. Fundi wetu anasema tuvute waya mmoja tu; umeme utarudi kupitia reli, nguzo na maji, kwa kuwa "bahari yenyewe ni ethi", yaani njia ya umeme kurudi ardhini. Je, wanaoogelea hawatapigwa shoti?

JIBU: Kila anayeniuliza habari ya umeme na bahari huanza na waogeleaji. Ndiyo, aliye karibu na nguzo anaweza kupigwa, na hilo pekee linatosha kumkatalia fundi. Ila kinachonikera mimi ni hayo maneno ya "bahari ni ethi". Nimeyasikia Pangani, nimeyasikia Mafia, na kila mara msemaji ana koleo mkononi.

Maji ya chumvi yanapitisha umeme, sikatai. Lakini umeme ukipita ndani ya shaba, shaba hubaki ilivyo. Umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, ukitoka kwenye chuma na kuingia baharini, unaondoka na chuma chenyewe. Ampea 1 ikitoka hivyo mfululizo mwaka mzima inaweza kula takriban kilo 9. Na haili nguzo zote sawasawa. Zinazoliwa ni zile za mbele, kwenye kina, umeme unakoingilia majini. Za ufukweni, unakorudia, hubaki nzima. Mkaguzi atakayepita maji yakiwa yamekupwa ataona chuma kizuri, atatia saini na kwenda zake.

Waingereza waliujua uvujaji huu zamani. Magnus Volk alipofungua kitreni chake kando ya ufuko wa Brighton mwaka 1883, volti 50 zilipita kwenye reli zilezile za magurudumu, moja ikipeleka, nyingine ikirudisha. Umeme ukawa unavuja, na mwaka 1886 ikaongezwa reli ya tatu, ya kupeleka umeme tu. Gati la Hythe, lenye mita 640 hivi, nalo likawekewa reli ya tatu mwaka 1922. Ajabu ni kwamba injini zake, zilizoundwa mwaka 1917 kwa ajili ya kiwanda cha gesi ya sumu, zilikuwa za betri kabla ya kubadilishwa. Southend, gati la kilomita 2.16, limezunguka hadi huko: reli ya umeme mwaka 1890, dizeli mwaka 1986, na tangu 2021 treni za betri. Treni ya betri inabeba umeme wake, hivyo reli haina cha kuvujisha.

Wala msidhani adui ni wimbi. Mvua kubwa husaidia, maana inaosha. Chumvi iliyokauka ndiyo mbaya: hunyonya unyevu wa usiku, na vikombe vya kuzuia umeme vikavujisha bahari ikiwa shwari kabisa.

Fundi huyohuyo, nina hakika, ndiye anayemwaga chumvi kwenye shimo la ethi la nyumba ili kipimo kisome vizuri siku ya kukabidhi kazi. Chumvi inashusha ukinzani leo, halafu inaitafuna fimbo chini kwa chini, na mwenye nyumba anabaki na ethi ya jina. Wengine huacha umeme wa betri ya sola uvujie majini kupitia shafti ya boti, kisha wanalaumu propela kuwa feki ikianza kutoboka. Ukisikia fundi wa pwani akikuambia maji yatamwokolea waya, mlipe nauli arudi kwao.

Nunueni kigari cha betri. Chaja ikae nchi kavu, chini ya paa, na chanya wala hasi isiguse chuma cha gati. Kisuuzeni kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni. Kama ule waya umeshafungwa kwa majaribio, ufungueni leo, kisha mtumeni mzamiaji akakwangue nguzo za mwisho kabla hamjapitisha mzigo wowote juu yake.