About a Girl ya Nirvana: aliyeimbwa ndiye aliyekuwa akilipa kodi

Mkuu, umeuliza About a Girl iliimbiwa nani, na kwamba jamaa yako anabisha ni Courtney Love. Mwambie amechanganya mafaili. Wimbo umo kwenye Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana, ile bendi ya rock ya Marekani, na ilitoka Juni 1989. Kurt Cobain, mwimbaji na mtunzi wa bendi, kamuoa Courtney Februari 1992. Hapo katikati kuna mengi.

Aliyeimbwa ni Tracy Marander, mpenzi wake wa enzi za Olympia. Olympia ndiyo makao makuu ya jimbo la Washington, ila ukifika utadhani umeshuka kituo siyo: mji mdogo, mvua ya rasharasha, saa mbili usiku kumelala. Nimeishi Tacoma, katikati ya Olympia na Seattle, miaka minne, kwa hiyo barabara ile naijua. Tracy alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku kwenye mgahawa wa wafanyakazi wa Boeing huko upande wa Seattle, karibu kilomita 100 kutoka nyumbani, na anarudi alfajiri. Kurt anabaki nyumbani na gitaa, michoro yake, na wanyama waliokuwa wakiwafuga humo ndani mpaka kasa. Vibarua alivyopata vilikuwa vya usafi, na havikudumu.

Kwa kifupi, mkuu, Kurt alikuwa marioo.

Sisemi kwa kumcheka, nami nimekuwa marioo wa kule kule. Nilimfuata mke wangu, vibali vyangu vya kazi vikachelewa, nikakaa miezi saba bila kuingiza hata senti. Yeye alikuwa akihudumia wazee, anaondoka saa tatu usiku, anarudi saa moja na nusu asubuhi macho mekundu. Tulikuwa tunaongea kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. "Maharage yako kwenye bakuli la bluu." "Bili ya umeme imekuja." Mimi nimenunua gitaa la mtumba, nashinda nalo, na nikisikia funguo zinagusa mlango nalirudisha pembeni haraka kama mtoto aliyekutwa na sukari. Hakuwahi kunisema. Ningependa angenisema.

Ndiyo maana wimbo huu niliuelewa kule, wakati kaseti yake nilikuwa nayo tangu niko sekondari Moshi. Zamani nilidhani ni mapenzi matupu. Sikiliza tena maneno: jamaa anataka rafiki asiye na usumbufu, wa kumsikiliza tu. Anakiri kwamba anajinufaisha, na papo hapo analalamika kuwa ametelekezwa. Kisha anasema hawezi kumwona kila usiku, na mwishoni anatupia neno "bure". Mtu anayedaiwa anaongea hivyo. Inasimuliwa kwamba Tracy alikuwa amechoka, akimtaka atafute kazi, na Kurt akijibu kwamba basi atahama akalale kwenye gari. Inasimuliwa pia kwamba Tracy alimlalamikia: unatunga nyimbo za kila kitu, mbona mimi hunitungii? Akatunga. Hakumwambia. Yule dada alikuja kujua baadaye sana kwamba ule ndio wake.

Hapo kuna jambo linalonikera kila nikiushika mkononi ule mfuko wa sahani ya santuri. Picha ya jalada la Bleach, ile nyeusi na nyeupe iliyogeuzwa rangi, nywele zinaruka, aliipiga Tracy mwenyewe. Kodi kalipa yeye, picha kapiga yeye, wimbo kaimbwa yeye, na jina lake halimo kwenye wimbo. Hata jina la wimbo lilipatikana kwa bahati: mpiga ngoma wao wa wakati huo, Chad Channing, aliuliza unahusu nini, Kurt akasema unahusu msichana, basi wakauita hivyo hivyo.

Upande wa muziki: kabla ya kuutunga Kurt alishinda akirudia rudia albamu ya Beatles, Meet the Beatles!, na unaisikia. Shida ni kwamba Seattle ya wakati ule, na lebo yao Sub Pop (kampuni iliyotoa rekodi zao), ilikuwa inataka gitaa zito, kelele, jasho. Nyimbo nyingi za Bleach ziko hivyo. Katikati yake linatokea hili dude jepesi lenye melodi ya kuimba ukiwa unafua, na mwenyewe alikiri kwamba kuliweka ilikuwa kujilipua. Walirekodi studio ya Reciprocal na prodyuza Jack Endino kwa dola 606.17. Hata hizo aliyetoa ni Jason Everman, aliyejiunga nao baada ya kurekodi, akaandikwa kwenye albamu kama mpiga gitaa ilhali hajapiga noti hata moja humo. Jamaa walikuwa wakilelewa pande zote, kusema kweli.

Wengi tunaijua ile ya Unplugged, onyesho la MTV la kupiga bila makelele ya umeme, New York, 18 Novemba 1993. Ndiyo waliyofungulia, na Kurt akawaambia watu kwamba inatoka kwenye albamu yetu ya kwanza, wengi hamna. Ilitoka kama singo mwaka 1994, mwenyewe keshafariki.

Sasa swali lako la pili, uanze na ipi kwenye gitaa. Anza na ya Unplugged. Beti ni kodi mbili tu (za gitaa, siyo za nyumba), E ndogo (Em) na G, unakwenda na kurudi. Ugumu uko kwenye mkono wa kulia: usigonge kwa nguvu, acha nafasi kabla ya kurudi kwenye E. Kiitikio kinataka kidole cha kulaza juu ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, hapo utatoka malengelenge wiki mbili. Mimi ilinichukua mwezi. Siku nilipoupiga wote bila kukosea nilimsubiri mke wangu arudi kazini, nikampigia pale pale mlangoni akiwa na koti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema mzuri, kisha akaniuliza kama nimetoa takataka. Gari la taka lilikuwa limeshapita.