Kabla Hujampa Steringi Wako Upanga wa Kininja

Wiki hii nimesoma mianzo ya riwaya 7 za kijasusi za vijana wanaoanza. Katika 5 kati yake muuaji anaruka ukuta usiku, amevaa nyeusi mpaka kope, upanga mgongoni. Mwandishi anatuambia "alifuzu uninja Japani", basi, safari inaendelea. Wadogo zangu, nawapenda. Nasema haya sasa, kabla hamjafika episodi ya 50 na wasomaji wameshalipia.

1. Jueni kwanza kazi yake ilikuwa nini. Muuaji wetu wa riwaya tunamuumba kwa ajili ya tendo moja: risasi au kisu. Shinobi, maana ndivyo ninja walivyoitwa zaidi zamani, aliandaliwa kwa ajili ya kurudi. Bwana wake alitaka kujua ngome ina watu wangapi, ina chakula cha siku ngapi, nani ana kinyongo na nani. Shinobi akifia ukutani, habari nayo imekufa. Katika uasi wa Shimabara, Japani, wa 1637 hadi 1638, watu wa Koka, eneo lililosifika kwa shinobi, walitumwa kwenye ngome ya Hara iliyozingirwa. Walipeleleza, na waliiba chakula cha watu ambao tayari njaa ilikuwa inawamaliza. Mwandikie steringi wako episodi nzima ya kuiba magunia ya mchele, uone kama wasomaji hawatapata arosto.

2. Mavazi meusi. Mchoro maarufu wa Hokusai, mchoraji wa Kijapani, wa mtu mwenye nguo nyeusi akipanda kamba ulitoka 1817, enzi za vita zilipokuwa zimekwisha zamani. Shoninki, kitabu cha mafunzo ya shinobi cha 1681, kinataja sura 7 za kujigeuza: mtawa mpiga filimbi, mtawa wa Kibudha, mcha Mungu wa milimani, mfanyabiashara, mwanamazingaombwe, mwigizaji, na mtu wa kawaida tu. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuandika. Mkimleta muuaji wenu Kariakoo, mpeni birika la kahawa na vikombe.

3. Sasa kosa langu, na hili nitalisema lote.

Riwaya yangu ya tatu ilikuwa na muuaji anayeitwa Jabali. Nilimpa njia 12 za kuua, nilizihesabu. Kwenye sehemu ya 9 nikaandika kwamba alikaa miaka mitatu katika hekalu la Shaolin, Japani. Mzee mmoja, msomaji wangu tangu riwaya ya kwanza, akaniandikia inboksi kwa upole kabisa. Aliniambia, mwanangu, hekalu hilo liko China, mkoa wa Henan. Halafu akauliza: huyu Jabali akiingia nyumba ya watu, anajuaje mlango wa jikoni uko wapi?

Nilimjibu kwamba hii ni hadithi, si darasa. Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Nikaupiga picha ujumbe wake, nikautupia kwenye kundi, watu wakamcheka, kisha nikamtoa. Alikuwa amelipia mpaka sehemu ya mwisho.

Nilipofika sehemu ya 31, Jabali alitakiwa aingie nyumbani kwa waziri. Nilikaa siku nne sijaandika hata mstari. Nilimjua Jabali anavyoua, lakini sikujua anavyoingia, anavyoujua mlango, anavyojua nani yuko macho. Mwishowe nikawalaza walinzi wote. Msomaji mmoja akauliza, wote wanane? Akauliza na wa pili. Wakaanza kudai hela zao, na mimi nikaimaliza hadithi kwa haraka kwenye sehemu ya 40, watu wakafa hovyo ili nipumzike.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini kusoma. Bansenshukai, kitabu cha mafunzo ya shinobi kilichoandikwa 1676 na Fujibayashi wa Iga, eneo jingine lililosifika kwa shinobi, kinaanza na moyo ulionyooka, hakianzi na silaha. Kisha kinafundisha kuingia kwa uso wa wazi, yaani *yonin*, kabla ya kuingia kwa kujificha, *innin*. Kinakufundisha kusikiliza mkoromo ujue kama mtu amelala kweli. Kinakufundisha kukadiria saa kwa kutazama mboni ya jicho la paka. Ukurasa baada ya ukurasa nilikutana na swali la yule mzee: mlango wa jikoni uko wapi?

Nilimtafuta nimwombe radhi. Namba haikupatikana tena. Mtu aliyenikutanisha naye akaniambia mzee ameacha kabisa kusoma riwaya za mitandaoni. Nikamrudishia hela yake kupitia kwa mtu huyo. Kesho yake ikarudi, bila neno.

Msimjibu msomaji siku hiyohiyo.

4. Ile orodha ya fani 18 za kininja mnayonakiliana. Inatoka kwenye mafundisho ya Togakure-ryu, shule ya uninja, yaliyoenezwa duniani na mwalimu wa Kijapani Masaaki Hatsumi katika karne ya 20, kwa hiyo msiiandike kana kwamba steringi wenu aliikuta imeviringishwa pangoni. Itumieni, lakini itumieni yote. Nyinyi mnachukua upanga, mkuki, shurikeni na mundu wa mnyororo. Mnaacha kujigeuza, upelelezi, mbinu za kivita, *tenmon* ambayo ni elimu ya anga na hali ya hewa, na *chimon*, elimu ya ardhi. Ndiyo maana nimesoma muuaji wa kimataifa anayetoroka na gari kupitia Jangwani, mwezi wa Aprili, mvua ya masika inanyesha. Mdogo wangu, mtoto wa darasa la nne wa Magomeni angekwambia mto Msimbazi umeshafunga njia.

5. Shoninki kinataja vifaa 6 vya safari: kofia ya majani, kamba yenye ndoano, kalamu ya jiwe, dawa, kitambaa, na mwanzi wa kuwashia moto. Hesabuni silaha humo.

6. Wekeni daftari la majeraha. Aliyepigwa risasi ya bega sehemu ya 5 asibebe mtu sehemu ya 6. Tarehe zenu zilingane. Someni kwa sauti kabla ya kutupia.

7. Na akilazimika kuua, mruhusuni akose. Mwaka 1570 Sugitani Zenjubo, mlenga shabaha hodari, alimvizia Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, njiani kwa bunduki akashindwa kumuua. Baada ya miaka mitatu alikamatwa, akauawa kikatili. Nobunaga akaishi, na 1581 akaivamia Iga kwa jeshi kubwa, vijiji vikateketea. Pima hiyo: risasi iliyokosa, halafu aliyelengwa bado anaongoza vita miaka 11 baadaye. Mimi Jabali wangu hakukosa hata mara moja, na hakuna msomaji anayemkumbuka.

Katika zile riwaya 7 ipo moja ya dada ambaye muuaji wake ni mfua nguo kwenye nyumba ya jenerali. Hana upanga. Kila asubuhi anahesabu mashati kwenye kamba, anajua walinzi wangapi wako zamu na nani amesafiri. Siku moja shati moja linazidi. Dada, umekatia hapo, na leo ni siku ya sita. Sehemu ya pili iko wapi?